Kicheko na Mwenye Hadithi: Uhakiki wa Kazi za Peter Richardson

Istilahi ya "vichekesho mbadala" ilienea Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1980. Ilitumika kutaja kazi za wachekeshaji vijana waliokataa mizaha iliyozoeleka majukwaani, yaani ile iliyowafanya wanawake, wageni na watu weusi kuwa vitu vya kuchekwa. Katika kundi hilo alikuwamo Peter Richardson, mwigizaji, mwandishi na mwongozaji wa filamu aliyezaliwa Devon mwaka 1951. Ni rahisi kumhesabu kuwa mtu aliyefungua mlango wakapita wengine. Makala hii inachunguza iwapo hukumu hiyo ni ya haki, kwa kuangalia namna anavyoitumia kejeli.

Richardson alianzia jukwaani. Yeye na Nigel Planer waliunda jozi iliyoitwa The Outer Limits, wakacheza katika Comedy Store, ukumbi uliofunguliwa London mwaka 1979. Mwaka 1980 aliwakusanya wenzake, miongoni mwao Alexei Sayle, Rik Mayall, Adrian Edmondson, Dawn French na Jennifer Saunders, katika jukwaa jipya lililoitwa The Comic Strip, mtaani Soho. Alitarajiwa kuigiza nafasi ya Mike katika mchezo wa televisheni "The Young Ones" (1982), lakini hakuelewana na mtayarishaji, na nafasi hiyo akapewa Christopher Ryan. Mchezo huo uliwapatia umaarufu Mayall, Edmondson na Planer. Richardson alielekeza nguvu zake kwenye filamu fupi.

Filamu ya kwanza, "Five Go Mad in Dorset", ilionyeshwa tarehe 2 Novemba 1982, usiku ule ule ambapo stesheni ya Channel 4 ilianza kurusha matangazo. Richardson na mwandishi mwenzake Pete Richens waliazima sauti ya Enid Blyton, mwandishi wa hadithi za watoto wanaofichua wahalifu wakati wa likizo. Waliitia chumvi kidogo tu. Watoto hao wanazungumza kwa adabu na furaha, na katika rejesta hiyo hiyo ya adabu wanawadharau wageni na watu wa tabaka la chini. Hakuna mhusika anayewakemea. Lugha yenyewe inajishtaki mbele ya hadhira.

Mbinu hiyo ilifikia kilele katika "The Strike" (1988), filamu iliyopata tuzo ya Waridi la Dhahabu huko Montreux. Maudhui yake ni mgomo wa wachimbaji wa makaa ya mawe wa Uingereza wa mwaka 1984 hadi 1985, ambao uliishia kwa wachimbaji kushindwa. Mchimbaji wa zamani, aliyeigizwa na Sayle, anaandika mswada kuhusu mgomo huo, na Hollywood inaununua. Hatua kwa hatua kiongozi wa wachimbaji, Arthur Scargill, anageuzwa kuwa shujaa wa pikipiki anayeigizwa na Al Pacino, huku Richardson mwenyewe akimwigiza Pacino. Vicheko ni vingi, lakini mwandishi yumo ndani ya hadithi, akishuhudia maisha ya wenzake yakibadilishwa mbele ya macho yake. Kila kinachochekesha kinamgharimu mtu.

Jambo hilo linadhihirika zaidi filamu hiyo inapolinganishwa na "Churchill: The Hollywood Years" (2004). Fani ni ile ile: Hollywood inaisimulia upya historia ya Uingereza, na Churchill anakuwa mwanajeshi kijana wa Kimarekani, aliyeigizwa na Christian Slater. Hata hivyo, hakuna mhusika anayenyang'anywa chochote. Mzaha unarudiwa bila kuongezeka uzito, na kejeli inabaki kuwa mapambo. Hali inayokaribiana na hiyo imo katika "Eat the Rich" (1987), ambamo matajiri wanachinjwa na kuandaliwa kama chakula mgahawani. Hasira ipo, lakini lengo lake ni pana mno.

Katika "The Hunt for Tony Blair" (2011) Richardson alirejea kwenye nguvu yake. Waziri mkuu wa zamani anasakwa na polisi kwa mauaji, katika mtindo wa filamu za zamani za uhalifu, na anajitetea kwa maneno matamu. Kadiri anavyojitetea ndivyo anavyozidi kujifunga.

Kwa kuhitimisha, hukumu ya kwamba Richardson ni mfungua mlango tu haina msingi wa kutosha. Kazi zake hazilingani kwa ubora, lakini zile bora zinatoa kipimo kinachoweza kutumiwa na mhakiki yeyote wa tashtiti. Msanii anayeazima sauti ya mwenye nguvu hana budi kumwachia mwenye hadithi nafasi ya kuonekana. Asipofanya hivyo, sauti aliyoiazima humtawala, na hadhira huishia kuifurahia badala ya kuihukumu.