Si dereva wala si kadi: Msamiati unaowapotosha wenye vipakatalishi

MTU anayepeleka kipakatalishi chenye matatizo ya skrini kutengenezwa katika barabara ya Luthuli, jijini Nairobi, aghalabu huambiwa mojawapo ya mambo mawili: ‘Dereva amekufa’ au ‘Kadi imeungua’. Nimeyasikia majibu hayo katikati ya jiji na pia katika vibanda vya Kangemi na Kawangware. Yote mawili yana kasoro, na kasoro yenyewe si ya kisarufi tu. Inaweza kumgharimu mteja pesa.

Tuanze na ‘dereva’. Nomino hii ilitoholewa kutoka kwa Kiingereza, ikakita mizizi katika ngeli ya A-WA: dereva ni mtu anayeendesha gari. Katika kompyuta, kinachorejelewa ni programu inayouwezesha mfumo endeshi kuwasiliana na kifaa fulani. Programu haina uhai, ndiposa wasemaji hutatizika. Mmoja husema ‘dereva amekataa’, mwingine ‘dereva imekataa’. Mafundi wanaosema ‘draiva imegoma’ wana afadhali. Wamelitohoa neno upya kwa dhana mpya na kulitia katika ngeli ya I-ZI, bila kuligonganisha na mtu wa matatu.

Wapo wanaopendekeza ‘kiendeshi’. Tatizo ni kwamba neno hilo tayari hutumiwa kurejelea kifaa cha kuhifadhia data. Mwanafunzi akiambiwa ‘kiendeshi chako kimeharibika’, atadhani tasnifu yake imepotea, ilhali kilichoharibika ni programu inayoweza kuwekwa upya bila kugusa faili zake. Ninapendelea ‘kiendeshaji’. Kiswahili huunda nomino mbili zenye maana tofauti kutokana na kitenzi kimoja: ‘msomi’ ni mtu aliyeelimika, ‘msomaji’ ni yule anayesoma. Vivyo hivyo, ‘kiendeshi’ kibakie kuwa kifaa, na ‘kiendeshaji’ kiwe programu.

Jibu la pili, ‘kadi’, linapotosha zaidi. Katika kompyuta ya mezani, kadi ya michoro huchomekwa na kuchomolewa. Vipakatalishi vingi vyenye vichakataji viwili vya michoro havina kadi ya namna hiyo. Kichakataji jumuishi kimo ndani ya kichakataji kikuu na hutumia umeme kidogo. Kile cha pekee, chenye nguvu zaidi, aghalabu hulehemiwa kwenye bodi kuu.

Isitoshe, viwili hivyo hutegemeana. Katika teknolojia ya Optimus, iliyozinduliwa na kampuni ya NVIDIA mwaka wa 2010, kichakataji cha pekee huchora, kisha hukikabidhi kile jumuishi picha ili kiifikishe kwenye skrini. Kwa hivyo, kiendeshaji cha kichakataji jumuishi kikiwa kibovu, skrini inaweza kusumbua hata kama kile cha pekee ni kizima. Fundi anayesema ‘kadi’ kwa umoja amekwisha kukificha kimoja kati ya viwili.

Mteja anafaa kuuliza: ‘Ni kichakataji kipi? Ni chenyewe kimeharibika au ni kiendeshaji chake?’ Maswali hayo yanajibika. Katika Windows, ipo orodha ya vifaa inayoonyesha iwapo vyote viwili vinatambuliwa. Alama ya mshangao ya rangi ya manjano huashiria hitilafu, na mara nyingi kiendeshaji ndicho cha kuchunguzwa kwanza. Ikiwa shida ilianza baada ya kusasisha, toleo la awali lirejeshwe. La sivyo, viendeshaji vipakuliwe kutoka tovuti ya kampuni iliyounda kipakatalishi, kwa kuzingatia nambari ya modeli. Cha kichakataji jumuishi kitangulie, cha kile cha pekee kifuate. Kuzungumzia bodi mpya kabla ya hatua hizo ni pupa.

Huenda ukasema kuwa istilahi ni mambo ya darasani. Sikubaliani. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice mwaka wa 2004, ishara kwamba Kiswahili kinaimudu kompyuta. Kilichosalia ni sisi kuyatumia maneno kwa uangalifu pale fedha zinapotoka mfukoni. Anayeshindwa kukitaja kilichoharibika atalipia hata kilicho kizima.