Kuipima Commodore 64 kwa Kazi ya Fundi Wake: Mwongozo

Commodore 64 ni kompyuta ya nyumbani iliyoonyeshwa hadharani kwa mara ya kwanza mjini Las Vegas mwezi Januari 1982, ikaingia madukani Agosti mwaka huohuo kwa bei ya dola 595 za Marekani, na ikaendelea kuundwa mpaka 1994, mwaka ambao kampuni ya Commodore yenyewe ilifilisika. Kwa kuwa ziliuzwa zaidi ya milioni kumi, uadimu si kigezo cha kuipima, na kinachoitenga moja na nyingine baada ya miaka arobaini ni mikono iliyoipitia. Nyingi kati ya zile zinazofanya kazi leo zimewahi kufunguliwa, zikabadilishwa chipu, zikachomelewa waya au zikasafishwa, na ndiyo maana anayetaka kuitambua iliyo bora hana budi kujifunza kuisoma kazi ya fundi badala ya kuvutiwa na mng'ao wa kasha. Msimamo wa mwongozo huu ni kwamba ukarabati bora una sifa mbili zinazokwenda pamoja: unasomeka, yaani atakayeifungua mashine baadaye ataona nini kilifanywa na kwa nini, na unatenguka, yaani fundi wa kesho anaweza kuuondoa bila kukiumiza kilichokuwapo kabla yake.

Uchunguzi huanzia nje ya kompyuta, kwenye adapta, kile kitofali kizito kinachopokea umeme wa ukutani na kutoa umeme wa aina mbili: volti 5 za mkondo mnyoofu, zinazolisha sehemu kubwa ya chipu, na volti 9 za mkondo geu, ambazo ndani ya mashine hubadilishwa ili kuzihudumia chipu za picha na sauti pamoja na mota ya kinasa kaseti. Katika adapta nyingi za awali kiwanda kilimimina epoksi, yaani gundi inayokauka ikawa ngumu kama jiwe, juu ya vifaa vya ndani, na gundi hiyo ikavifungia humo pamoja na joto lao. Kinachoumia zaidi ni kidhibiti volti, kifaa kidogo chenye kazi ya kuzishikilia volti 5 zisipande wala zisishuke. Kinapochoka, si lazima kife kwa kuukata umeme. Mara nyingi huziachia volti zipande, na kwa kuwa chipu za kumbukumbu hazivumilii ongezeko hilo, ndizo hutangulia kufa, huku taa nyekundu ya mbele ikiendelea kuwaka kana kwamba hapajatokea lolote. Muuzaji anayesema kwamba mashine "inawaka taa" bado hajasema lolote kuhusu uzima wake, na pengine amekwisha kuihatarisha kwa kulijaribu hilo.

Mchunguzi makini hupima adapta kwa multimita kabla ya kuiunganisha, kisha huipima tena ikiwa kazini, kwenye mlango wa nyuma uitwao mlango wa mtumiaji, kati ya pini ya kwanza na ya pili, ambako usomaji unaokubalika ni kati ya volti 4.75 na 5.25. Kipimo cha pili ndicho chenye uzito, kwa sababu adapta iliyochoka huweza kutoa namba nzuri ikiwa haijabebeshwa mzigo na kuharibika ikishapata joto. Hata hivyo, namba nzuri ya leo si dhamana ya kesho. Mmiliki anayestahili kuaminiwa ni yule aliyeiweka adapta asilia sandukuni kama sehemu ya historia ya mashine, akaiendesha kompyuta kwa adapta mpya iliyoundwa kwa ajili yake, au walau akatia kati ya adapta na kompyuta kifaa cha kinga kinachoukata umeme mara volti zinapovuka kiwango. Ambaye hajalifikiria suala hili, hata mashine yake ikiwa safi namna gani, ameiacha kwenye hatari iliyo kubwa kuliko zote.

Kasha la umbo la awali hufunguliwa kwa kulegeza skrubu tatu zilizo chini, upande wa mbele, kisha kuuinua mfuniko taratibu kuelekea nyuma, kwa sababu huko unashikwa na vibano vya plastiki ambavyo humvunjikia mwenye haraka. Vibano vilivyovunjika ni taarifa ya kwanza kuhusu tabia ya aliyetangulia. Ndani huonekana bodi, yaani ubao wenye njia za shaba ambao chipu zote zimepandwa juu yake, nayo huwa na namba yake: 326298 ni ya mwanzo kabisa na hutambulika hata kabla ya kasha kufunguliwa, kwa kuwa tundu lake la picha lina pini tano badala ya nane zilizokuja baadaye. Wakusanyaji huipenda bodi hiyo kwa utangulizi wake, ingawa kwa mtu anayetaka kuitumia mashine kila jioni ni uchaguzi dhaifu, maana picha yake haifikii ung'avu wa bodi zilizoifuata.

Baada ya namba ya bodi, zisomwe tarehe. Takriban kila chipu hubeba tarakimu nne zinazotaja wiki na mwaka wa kuundwa kwake, na kwa kawaida chipu zilizotoka kwa MOS Technology, kampuni tanzu ya Commodore, hutanguliza wiki, hivi kwamba 4383 ni wiki ya 43 ya mwaka 1983, ilhali watengenezaji wengine hutanguliza mwaka. Chipu za bodi moja zikisomeka miezi ya jirani, mashine hiyo huenda ni nzima tangu kiwandani. Ikionekana moja ya mwaka 1987 katikati ya za 1983, hapo kuna habari ya ukarabati. Hilo si doa. Ni mwaliko wa kuangalia jinsi kazi ilivyofanywa, na kama muuzaji aliitaja au aliinyamazia.

Hapa ndipo jicho linapopaswa kukaa muda mrefu kuliko kwingine kote. Bodi nyingi za Commodore 64 zina chipu nane za kumbukumbu, ambazo kwa pamoja hutoa kilobaiti 64, nazo kwa kawaida zimechomelewa moja kwa moja kwenye ubao, kila moja kwa miguu kumi na sita. Kuitoa chipu moja ni kuyeyusha na kufyonza risasi kwenye matundu kumi na sita bila kuibandua shaba inayoyazunguka, shaba ambayo ni nyembamba na ambayo, ikipikwa na pasi ya kuchomelea kwa sekunde chache zaidi ya inavyostahili, hunyanyuka kama ganda la kitunguu na kukatika. Fundi mwenye subira hukata kwanza miguu ya chipu iliyokufa kwa koleo ndogo, akautoa mguu mmoja mmoja, kwa sababu anajua kwamba chipu imeshapotea ila ubao bado unaweza kuokolewa. Bodi ikigeuzwa na kutazamwa chini ya taa kwa kioo cha kukuza, kazi nzuri huonekana kwa kila tone la risasi kuwa na umbo la mteremko mwororo, linalong'aa, lililoukumbatia mguu pande zote. Kazi mbaya huonekana kwa matone ya duara yaliyokaa juu kama ushanga, kwa utomvu wa kahawia wa dawa ya kuchomelea ulioachwa bila kufutwa kwa spiriti, na kwa vijiwaya vilivyotandazwa ili kuziunganisha tena njia zilizochanika. Kijiwaya kimoja kilichonyooshwa vizuri na kubandikwa ubaoni kinasameheka, kwani ajali huwapata hata mabingwa. Vijiwaya vinne vilivyopishana hewani ni ushahidi kwamba fundi alikuwa akibahatisha.

Mahali chipu ilipotolewa panapaswa kuwekwa soketi, yaani kitako ambacho chipu huchomekwa badala ya kuchomelewa, ili itakayoharibika mara nyingine itoke bila moto. Soketi nazo zina daraja: zenye matundu ya duara yaliyochongwa hushika mguu kwa uthabiti na hudumu, ilhali zile nyembamba zinazougusa mguu kwa upande mmoja tu, ambazo kiwanda chenyewe kilizitumia mara kwa mara, hulegea na kuleta hitilafu zinazokuja na kuondoka. Kwa wenye mashine katika miji ya pwani, kama Mombasa, Tanga na Unguja, jambo hili lina uzito wa pekee, kwa maana unyevu na chumvi ya hewa hula madini ya soketi na ya miguu ya chipu. Mguu uliofunikwa na weusi mwepesi husafishika. Uliokwisha kulika hadi kuwa mwembamba hukatikia ndani ya soketi siku chipu itakapotolewa.

Chipu inayotafutwa kuliko zote ni ile ya sauti, SID, iliyobuniwa na Bob Yannes, ambaye baadaye alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa kampuni ya vinanda vya umeme ya Ensoniq. Ipo ya aina mbili. Ya kwanza, 6581, hutumia volti 12, hupata joto kali, na vichujio vyake, yaani sehemu zinazopunguza au kupitisha masafa fulani ya sauti, hutofautiana kutoka chipu hadi chipu, hivi kwamba muziki uleule huweza kusikika mzito kwenye mashine moja na mkavu kwenye nyingine. Ya pili, 8580, hutumia volti 9, ni tulivu na ya kutabirika, lakini sauti zilizorekodiwa ambazo michezo ya awali ilizitoa kwa kuichezesha nguvu ya sauti hufifia kwayo hadi karibu kupotea. Wapenzi wa mashine hii hubishana bila kuchoka kuhusu iliyo bora. Hukumu ya haki ni kwamba kila bodi ibaki na aina iliyoundiwa, kwa kuwa volti ni tofauti, kapasita za vichujio ni tofauti, na anayechomeka moja mahali pa nyingine bila kuyarekebisha hayo huiweka hatarini chipu isiyoundwa tena. Na kwa sababu haiundwi tena, bandia zimezagaa: chipu nyingine iliyofutwa maandishi na kuchapwa upya. Maandishi yanayokwanguka kwa spiriti na uso uliosuguliwa ni dalili za kutosha za kukataa. Mbadala wa kisasa unaouzwa kwa jina lake, kama ARMSID, una heshima zaidi kuliko bandia inayojifanya asilia.

Kuhusu kapasita, yaani vihifadhi umeme, matangazo ya mauzo hupenda kujisifu kwamba zote zimebadilishwa. Katika Amiga 1200, ndugu yake wa baadaye, kazi hiyo ni ya lazima, kwa kuwa kapasita zake humwaga maji yanayokula bodi. Katika Commodore 64 kapasita nyingi za awali bado ni nzima, na kuzibadilisha zote kwa mkupuo mara nyingi ni kuupa ubao majeraha ambayo haukuyahitaji.

Kasha na kibodi vina hukumu fupi. Plastiki inayogeuka manjano huweza kurudishiwa rangi kwa hidrojeni peroksaidi na mwanga wa jua, lakini weupe huo si lazima udumu, na mkono usio makini huacha mabaka kama ya wingu. Manjano iliyotulia na kuenea sawasawa ni afadhali. Vitufe vya kibodi, ambavyo ni 66, vijaribiwe vyote.

Asili ya mashine kijiografia haina budi kuzingatiwa na mnunuzi wa Afrika Mashariki, ambaye kwa kawaida huagiza kutoka nje, na kwa Tanzania hilo lina sababu ya kihistoria pia, maana mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na televisheni. Mashine ya Uingereza au Ujerumani ina chipu ya picha ya mfumo wa PAL, wenye picha 50 kwa sekunde, na adapta yake inalingana na umeme wa Kenya na Tanzania. Ya Marekani ni ya NTSC, yenye picha 60, ambayo huiendesha haraka michezo mingi iliyoandikiwa Ulaya au kuivuruga, na adapta yake ya volti 120 ikichomekwa kwenye umeme wa volti 230 huungua.

Jaribio la mwisho huhitaji muda. Mashine iwashwe, skrini ya buluu itangaze baiti 38911 zilizo wazi kwa programu, kisha iachwe ikicheza muziki kwa saa mbili au tatu ikiwa imefunikwa kama itakavyotumika, kwa kuwa hitilafu za joto hujificha katika dakika za mwanzo. Sauti isikilizwe kama njia zote tatu za SID zipo. Joistiki ichomekwe wakati umeme umezimwa, maana pini za tundu lake zimeunganishwa moja kwa moja na chipu inayoweza kuuawa na cheche ndogo ya umemetuli wa kidole. Baada ya hapo mfuniko uinuliwe tena na kila chipu iguswe: ya sauti na ya picha zitakuwa za moto kwa asili yao, lakini chipu moja ya kumbukumbu iliyo moto kati ya saba zilizo vuguvugu inakaribia mwisho wake. Na kama chini ya bodi, au ndani ya sanduku, patakutwa karatasi yenye tarehe, namba ya chipu iliyotolewa na ya iliyoingizwa, pamoja na ile ya zamani ikiwa imechomekwa kwenye kipande cha sponji nyeusi, mnunuzi aongeze bei bila kusita.