Timu ya Afya ni Suala la Madaraka: Uhakiki wa Azimio la Alma-Ata

Makada wengi hulitaja Azimio la Alma-Ata la Septemba 1978. Wachache wamelisoma hadi kifungu cha 7. Kifungu hicho kinataka daktari, muuguzi, mkunga, msaidizi, mhudumu wa kijiji na, panapohitajika, mganga wa jadi, waandaliwe kufanya kazi kama timu moja. Tunaliunga mkono lengo hilo. Lakini tukikichambua kifungu chenyewe tunakuta kimeifanya timu kuwa suala la mafunzo tu. Nani anaongoza? Nani anawajibika mgonjwa akipotea njiani kati ya zahanati na hospitali? Azimio liko kimya, kana kwamba kati ya daktari na mkunga hakuna mkubwa na mdogo. Kweli, kifungu cha 4 kinampa mwananchi haki na wajibu wa kushiriki katika mipango, ila hakisemi atashiriki kupitia chombo gani.

Pengo hilo lilipata wa kulijaza upesi. Mwaka 1979 wataalamu wawili wa Marekani, Walsh na Warren, walitetea huduma teule: yachaguliwe maradhi machache, yapigwe vita kwa gharama ndogo. Hoja yao ya uhaba wa fedha si ya kupuuzwa. Hata hivyo, huduma iliyopangwa kwa maradhi humgawanya mgonjwa. Mama mwenye kisukari na kifua kikuu hupewa kadi mbili, siku mbili za kliniki, na taarifa zake huandikwa katika madaftari mawili yasiyokutana. Nauli ni yake. Kazi ya kuwaunganisha watumishi anaachiwa yeye, aliye dhaifu kuliko wote, na huo ni urasimu hata akipokelewa kwa tabasamu dirishani.

Brazili ililikabili swali la madaraka. Tangu 1994 timu zake hupewa eneo badala ya ugonjwa: daktari, muuguzi, wasaidizi wa uuguzi na wahudumu wa jamii, kwa kaya zinazojulikana. Mhudumu wa jamii hutakiwa kuwa mkazi wa eneo lake, hivyo hawezi kumkwepa mgonjwa wake sokoni. Tena sheria ya 1990 iliwapa watumiaji wa huduma nusu ya viti katika mabaraza ya afya. Watasema wengine kwamba hata humo wasomi ndio wasemaji. Inawezekana, mikutano yetu ya vijiji nayo inaujua ugonjwa huo.

Wanafunzi waanzie kwenye zahanati iliyo karibu nao: taarifa za mgonjwa aliyepewa rufaa hurudi kwa nani, na kamati ya usimamizi ya kituo ilikutana lini mara ya mwisho?