Kuipima Albamu ya Mahafali ya Zamani: Mwongozo wa Pwani ya Bagamoyo

Katika vyuo vya Marekani, kitabu cha mwaka chenye jalada gumu na picha ya kila mhitimu ni desturi iliyozoeleka tangu karne ya 19. Katika pwani ya Tanzania, kazi hiyo hufanywa zaidi na albamu ya mahafali, yaani kitabu cha picha zilizosafishwa studio na kubandikwa kwa mkono, ambamo mara nyingi huhifadhiwa pia ratiba ya sherehe na risala ambayo wahitimu waliisoma mbele ya mgeni rasmi. Tofauti hiyo hubadili vigezo vya ubora, kwa kuwa kitabu cha kiwandani hutoka kwa nakala nyingi zinazofanana, ilhali albamu ni kazi ya watu watatu, mpiga picha, msafishaji picha na mwandishi wa majina, na udhaifu wa mmoja wao haufichwi na ustadi wa wenzake.

Kigezo kinachotangulia vyote, ingawa wakusanyaji wengi hukiweka mwisho, ni maelezo ya picha. Maelezo bora hutaja waliosimama na waliokaa kwa mpangilio wa kutoka kushoto, humtaja mgeni rasmi kwa cheo chake cha siku ile, na hayawasahau wahitimu ambao hawapo pichani. Jina moja halitoshi katika ukanda ambamo akina Juma, Salum na Mwanahamisi wanaweza kuwa watatu katika mstari mmoja. Jina la baba, na ikiwezekana la babu, ndilo linaloitofautisha sura moja na nyingine. Mwandiko nao una umri wake. Neno “marehemu” likiandikwa kabla ya jina la kijana aliyevaa joho, ni wazi kwamba mtu mwingine, au mwandishi yuleyule baada ya miaka mingi, alirudi kwenye ukurasa huo. Nyongeza ya namna hiyo haiishushi albamu thamani, na pengine huipandisha, lakini mkaguzi hana budi kuutenga mwandiko wa kwanza na wa pili kabla ya kuamini tarehe yoyote.

Baada ya majina hufuata upigaji wenyewe. Picha ya pamoja ni mtihani mgumu katika mwanga wa pwani, kwa sababu jua la saa sita mchana huunguza weupe wa mashati na kanzu hadi mikunjo ipotee, huku macho yakizama katika kivuli cha kofia ya joho. Mpiga picha stadi aliwapanga wahitimu kwenye kivuli cha jengo au cha mwembe, au alisubiri alasiri. Hivyo kipimo cha haraka ni kutafuta mikunjo katika nguo nyeupe zaidi na mboni za macho katika uso mweusi zaidi, na vyote viwili vikionekana katika picha moja, aliyeshika kamera alijua kazi yake. Mpangilio wa meza kuu, maua na zulia ni mambo ya mapambo tu.

Karatasi husema umri kwa uhakika kuliko tarehe iliyoandikwa juu yake. Picha nyeusi na nyeupe za zamani zilisafishwa kwenye karatasi ya nyuzi, ambayo hujikunja na huhisika kama karatasi ya kawaida kwa upande wa nyuma. Karatasi iliyofunikwa plastiki pande zote mbili ilienea kuanzia miaka ya 1970. Mng’ao wa rangi ya fedha kwenye pembe za sehemu nyeusi hutokana na madini ya fedha yanayopanda juu kadiri miaka inavyopita, na ni dalili ya uzee wa kweli, ilhali madoa ya manjano mara nyingi huonyesha kwamba picha haikusuuzwa vya kutosha baada ya kutolewa kwenye dawa. Picha nyingi za rangi za miaka ya 1970 na 1980 zimegeuka nyekundu kwa sababu rangi ya samawati iliyomo hufifia hata gizani. Taa ya kukagulia noti bandia nayo husaidia: karatasi inayong’aa buluu chini yake ina kemikali za kung’arisha, ambazo zilianza kutumika katika karatasi za picha katika miaka ya 1950, na haiwezi kuwa ya kabla ya hapo.

Kwa albamu za Bagamoyo kuna ushahidi wa ziada. Chuo cha Sanaa kilianzishwa mwaka 1981, na mwaka 2007 kikawa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, maarufu kwa kifupi cha TaSUBa. Jalada lenye jina hilo la pili juu ya picha zinazodaiwa kuwa za 1985 lilitiwa baadaye. Katika picha za wasanii, ala walizoshika wahitimu, ziwe ngoma, marimba au zeze, husaidia kutambua fani zao pale ambapo maelezo yamekaa kimya.

Picha zinazohusishwa na misheni ya Bagamoyo, iliyoanzishwa na Mapadri wa Roho Mtakatifu mwaka 1868, zahitaji uangalifu zaidi. Picha halisi ya miongo ile kwa kawaida iko kwenye karatasi nyembamba iliyopakwa ute wa yai, yenye rangi ya kahawia, na chini ya kioo cha kukuzia nyuzi za karatasi huonekana. Vikionekana vitone vilivyopangwa kwa safu, hiyo ni nakala ya kiwanda cha uchapaji.

Hatimaye ni hali ya kitabu. Unyevu na chumvi ya bahari huleta ukungu na kutu ya pini, kwa hiyo albamu inayodaiwa kukaa Bagamoyo miaka 40 bila doa itiliwe shaka. Albamu zenye kurasa za gundi na nailoni juu yake ni mbaya kuliko zote, maana gundi huila picha kutoka nyuma, wala picha hizo zisibanduliwe kwa nguvu.

Kati ya albamu safi isiyo na majina na albamu yenye madoa iliyoandikwa kikamilifu, ya pili ndiyo bora. Mwenye kumiliki ile ya kwanza aipeleke kwa wahitimu waliosalia, na majina watakayoyataja yaandikwe kwa penseli laini nyuma ya kila picha.