Mgunga Baada ya Akasia: Uhakiki wa Jina la Kisayansi kama Matini

Uhakiki wa majina katika Kiswahili huelekea kwenye majina ya watu na ya mahali. Jina la kisayansi la kiumbe huachwa kando kana kwamba halina mtunzi wala masilahi. Sehemu hii inalipinga dhana hiyo kwa kuuchunguza mgunga, mti wa kawaida katika ngitili za Wasukuma.

Mwaka 1753 Linnaeus aliuita mgunga mmoja *Mimosa nilotica*. Mwaka uliofuata Miller akaasisi jenasi *Acacia*, jina lenye asili ya Kigiriki linalohusishwa na mwiba. Kwa kanuni za botania, jina la jenasi hufuata spishi kielelezo, na kielelezo cha *Acacia* kilikuwa mgunga huohuo wa Afrika na Asia. Utafiti wa vinasaba ulipothibitisha kwamba jenasi hiyo haikuwa ukoo mmoja, jina lilipaswa kubaki huku. Hata hivyo, Kongamano la Vienna la mwaka 2005 lilipitisha kielelezo kutoka Australia, ambako spishi zake nyingi hazina miiba kabisa. Zaidi ya nusu ya kura zilipinga, lakini kulizuia pendekezo kulihitaji asilimia 60. Melbourne, mwaka 2011, uamuzi ukathibitishwa. Migunga yetu sasa ni *Vachellia* na *Senegalia*. Jina la kwanza linamuenzi Vachell, kasisi aliyekusanya mimea nchini China.

Watetezi husema Australia ina spishi takriban 1000, hivyo kubadilisha majina yake kungeleta usumbufu mkubwa. Hoja hiyo ni nzito, ila ni ya kiutawala. Hapa wahakiki wengi huchanganya mambo mawili. Kuigawa jenasi ni uainishaji, na ushahidi wake ni thabiti. Kuamua nani abaki na jina la zamani ni kura. Anayeilaumu sayansi yote kwa sababu ya kura hiyo anakosea sawa na anayeitetea kura kwa hadhi ya sayansi.

Tena, mgawanyo wenyewe si mgeni kwa jicho la mchungaji wa Lingeka. *Vachellia* kwa kawaida ina miiba iliyonyooka, miwilimiwili, itokayo kwenye stipuli. Miiba ya *Senegalia* imepinda kama ndoana, na ndiyo inayokamata nguo. Neno "mgunga" linazijumuisha zote mbili, kwa hiyo kamusi inayolifasiri kwa neno "akasia" pekee inapotosha mara mbili: inaficha tofauti hiyo, na inampeleka msomaji Australia.

Hasara iko kwenye kumbukumbu. Maandishi ya mradi wa HASHI, ulioanza mwaka 1986 wakati Bariadi ikiwa bado katika Mkoa wa Shinyanga, yalitumia *Acacia*. Mwanafunzi wa Simiyu anayetafuta *Vachellia nilotica* hatayapata, ilhali mti anaousoma ni uleule. Kidahizo cha "mgunga" kinapaswa kubeba majina yote matatu, pamoja na mwaka 2005.