Mume na Mke mbele ya Hukumu

Bwana na bibi wanaoshuka kwa motokari toka Dijon mpaka Beaune, huko Ufaransa, majani ya mizabibu yakigeuka manjano, wasikimbilie divai tu. Waingie hospitali ya zamani iliyoanzishwa mwaka 1443 na Nicolas Rolin pamoja na mkewe Guigone de Salins. Humo mna Hukumu ya Mwisho, picha ya Rogier van der Weyden, mchoraji wa mji wa Brussels. Mikaeli ashika mizani. Waovu waanguka motoni wenyewe, wala hakuna shetani anayewasukuma. Hapo ndipo inapotisha! Lakini siku hizi imewekwa katika chumba cha peke yake. Zamani ilikuwa altareni, mbele ya vitanda vya maskini, ikafunguliwa Jumapili na sikukuu, nao wagonjwa wakaitazama wamelala. Ningependa irudishwe palepale.