Mgongo Kwanza, Tumbo Baadaye: Kuusoma Umbo la Upinde

Mwenye kuutazama upinde uliokamilika huona mstari uliopinda, akadhani fundi aliuchonga ukiwa hivyo. Pinde nyingi za mti mtupu katika nchi zetu huchongwa zikiwa karibu kunyooka. Upote ndio unaozipa mkunjo. Umbo tunalolisifu, basi, ni matokeo ya nguvu ambazo fundi alizibakiza ndani ya mti. Ndiyo maana macho peke yake hayatoshi kuuhakiki upinde. Sharti tufuate hatua zake: kipi kilitangulia, kipi kikangoja, na kwa sababu gani.

Upinde una mgongo, upande unaotazama shabaha, na tumbo, upande unaomtazama mpigaji. Ukivutwa, mgongo hunyooshwa na tumbo hubanwa. Uzi mmoja wa mti ukikatwa mgongoni, pale pale ndipo kibanzi kinapoweza kuanza kuinuka, na nyuma yake upinde wote ukavunjika. Kwa hiyo hatua ya kwanza ya fundi ni uamuzi wa kutogusa. Huchagua mti mchanga au tawi lililonyooka, lisilo na mafundo mengi, hulibandua gome kwa uangalifu, na uso ulio chini ya gome huwa mgongo. Uso huo haujakatwa na chombo chochote. Nyuzi zake zimeenda pamoja kutoka ncha hadi ncha kama mti ulivyozikuza. Kuanzia hapo chuma chote kitafanya kazi upande wa tumbo na pembeni. Uzuri wa kwanza wa upinde umo katika sehemu ambayo fundi hakuifanyia kitu.

Baada ya mgongo hufuata urefu, kisha upana, na unene huja mwisho. Mpangilio huu hautokani na mazoea tu. Upana wa mkono wa upinde ukipungua kwa sehemu 1 kati ya 10, ukakamavu wake nao hupungua kwa sehemu 1 kati ya 10. Unene ukipungua kwa kiasi hicho hicho, ukakamavu hupotea kwa asilimia 27 hivi, kwa kuwa ukakamavu hufuata unene ukizidishwa kwa wenyewe mara tatu. Upana husamehe, unene hausamehi. Fundi mzuri humaliza mambo yanayosamehe angali na mti mwingi mkononi, na lile lisilosamehe hulisogelea polepole, akitoka kwenye shoka kwenda kwenye tezo, kisha kisu, na mwishoni makali yanayokwangua vumbi tu. Vyombo vyenyewe hupungua ukali kadiri hatari inavyoongezeka.

Kisha hufika hatua ambayo kwa maoni yangu ndiyo moyo wa kazi yote: kusawazisha. Upote mrefu, uliolegea, hufungwa kwenye ncha mbili, na upinde huvutwa kidogo sana ili mikono yote miwili itazamwe inavyopinda. Panapokataa kupinda hukwanguliwa. Panapopinda kupita kiasi huachwa kabisa, na majirani wake ndio hupunguzwa. Kila baada ya kukwangua, upinde huvutwa mara kadhaa ili mti upokee badiliko, ndipo utazamwe tena. Sheria ni moja: hauvutwi zaidi kabla kasoro iliyoonekana haijaondolewa. Anayeivunja hupata tumbo lenye mikunjo midogo, mahali nyuzi zilipopondwa, na mikunjo hiyo haiponi. Mti mbichi huleta madhara ya namna hiyo hiyo: ukilazimishwa kabla haujakauka, hubaki umepinda hata upote ukitolewa, na nguvu zake zimekwisha kabla ya mshale wa kwanza.

Tazama sasa pinde za Wahadzabe wa kandokando ya Ziwa Eyasi, Tanzania. Mkato wake ni wa mviringo, na upote ni wa kano za mnyama. Mtu aliyezoea pinde bapa anaweza kuziona kuwa kazi ya haraka. Hesabu inasema kinyume. Katika fimbo ya mviringo upana na unene ni kitu kimoja, kwa hiyo kipenyo kikipungua kwa sehemu 1 kati ya 10, ukakamavu hupungua kwa theluthi nzima na zaidi kidogo. Mchongaji wa namna hii amejinyima ile hatua inayosamehe. Kila anapopitisha kisu anagusa urefu wa mkunjo na nguvu ya mvuto kwa pamoja. Wepesi wa umbo lake unaficha ugumu wa utaratibu wake.

Waluba wa Katanga wametuachia kipimo kingine. Katika simulizi zao, Mbidi Kiluwe, baba wa Kalala Ilunga mwanzilishi wa ufalme wao, ni mwindaji aliyeuthamini upinde wake kuliko mali nyingine, na hata asili ya vile vishikizo vya pinde vya kifalme hunasibishwa naye. Kishikizo ni mti uliochongwa matawi ya kuegemeza silaha, mara nyingi juu ya sura ya mwanamke, na chini yake mna chuma cha kuchomeka ardhini. Vilifichwa katika nyumba maalumu chini ya ulinzi wa mwanamke mwenye cheo, na mara nyingi sura hiyo imeshika maziwa yake, ishara ya siri za ufalme zinazotunzwa. Kwa uhakiki wa umbo, kishikizo na upinde ni kazi mbili za kupunguza mti, lakini hukumu zake ni tofauti. Bega moja la sanamu likizidi jingine kidogo, jicho huweza kulipenda. Mkono mmoja wa upinde ukilegea kuliko mwenzake, mti wenyewe hutoa hukumu mbele ya mpigaji. Waluba walikitia urembo kishikizo na kukifanya cha kuheshimiwa. Huo ni uamuzi wa kisanaa wenye busara: nakshi zimewekwa pasipopinda.

Vitu vya kuuzia wageni hupindua utaratibu huo. Fimbo hupindwa kwa moto ili ifanane na picha ya upinde, mgongo hukwaruzwa mistari, rangi hupakwa, na uzi hufungwa mwishoni. Mkunjo, uliopaswa kuja mwisho, umekuja kwanza. Kasoro ya kazi hiyo haiko katika rangi. Iko katika mgongo uliokatwa kabla mti haujaulizwa kitu.

Hapa Makomeno, katika komini ya Lubumbashi, swali linaanzia nyuma zaidi. Uchomaji wa makala umeurudisha mbali msitu wa miombo uliouzunguka mji, na mti hutufikia katika sura mbili: gunia la makala au ubao uliopasuliwa. Msumeno haufuati nyuzi; hufuata mstari wa mpasuaji. Kijana wa mtaani anayetaka kuchonga upinde amenyang'anywa ile hatua ya kwanza aliyopewa bure mwenye kukata tawi. Hata hivyo utaratibu haujafa, umehamia kwenye depo ya mbao. Aupindue kila ubao, afuate mistari ya nyuzi usoni na ubavuni, akatae kila ubao ambao mistari yake inakimbilia ukingoni kabla ya kufika mwisho. Akikataa mbao nyingi akanunua mmoja, amekwisha kuchonga nusu ya upinde bila kugusa kisu.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukishikishwa upinde na kuombwa maoni, usianze na nakshi wala mshiko. Ugeuze, uangalie mgongo, kisha uvute kidogo na kutazama mikono miwili. Mgongo ukiwa mzima na mikono ikipinda sawa, umeshika kazi ya fundi, hata kama haijapigwa msasa. Mgongo ukiwa umekatwa, hapana urembo utakaouokoa.